Namba Zilizofifia Mkononi mwa Mama Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa saa hata moja. Niliokota skrubu. Msimamizi wa karakana, mzee kutoka Mvita kule Mombasa, aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini, alimimina skrubu kwenye kisahani cha chai, ndogo kama mbegu za mchicha, akanipa kibano. "Ziokote moja moja, binti, uzipange kwenye karatasi hii. Ikidondoka moja, waanza upya." Nilianza upya mpaka shingo ikakakamaa. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alikuta zote zimepangwa, nami nimefura kwa hasira, machozi yananilengalenga. Akacheka. "Mikono unayo. Hasira ipunguze. Kibano huihisi."

Hasira sikuipunguza, na nitawaeleza ilinifikisha wapi. Wajukuu wangu ndio walioniomba niandike, maana wao wanajua saa iliyo ndani ya simu tu, na nikianza kuwahadithia kwa mdomo naambiwa, "Shosho, hiyo ni ya kitambo!" Sawa, ni ya kitambo. Kaeni msome.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naishi na mama yangu Makongeni, Nairobi, na kazi niliipata kwa sababu ya vidole vyembamba, wala si kwa sababu ya akili. Karakana ilikuwa mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza mtaani, na Msimamizi hakukivumilia. Nikisema "leta hio kitu," hakuleta. Alikaa kimya, mikono kifuani, mpaka niiseme vizuri. Kwa hiyo Kiswahili hiki mnachosoma ni chake. Mimi nilikipata pamoja na kibano.

Sheria zake zilikuwa nyingi ila kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza: saa ikiingia, andika kwenye daftari inasoma saa ngapi, na kando yake andika saa ya ukutani. Hapo fundi anajua kama saa inakimbia au inajikokota hata kabla hajaifungua. Ya pili: hakuna saa itakayotoka mezani kwake ikisema uongo. Kabla ya kumkabidhi mteja, unailinganisha na ya ukutani mpaka sekunde. "Mtu akitoka hapa na saa ya uongo," alisema, "ameondoka na jina langu mkononi akiliaibisha kila kona." Nilifanya hivyo kwa kila saa, mpaka vidole vikawa vinafanya vyenyewe bila kuniuliza.

Kisha zikaja saa za namba. Mafundi wakubwa walizicheka. Hazina springi, hazina magurudumu, ati ni vitu vya kuchezea watoto. Msimamizi hakucheka. Alinihamisha kwenye meza ya dirishani, akaiita meza ya namba, akasema hao wanaocheka watakuja kuniomba niwafundishe. Walikuja.

Sasa sikilizeni, niwaeleze ugonjwa wa saa hizo, maana ndio uliofanya nijulikane. Namba unazoziona hazijaandikwa popote. Kuna vioo viwili vyembamba vimebanwa pamoja, katikati yake kuna majimaji yanayojipanga umeme wa betri ukiyagusa. Kwa macho matupu huoni kitu. Kinachozionyesha namba ni ngozi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo, ambayo sisi tuliiita filamu. Filamu inachuja mwanga, na bila hiyo saa ipo hai lakini ni bubu. Jua, jasho na miaka huipausha ikawa ya rangi ya chai ya maziwa, namba zikafifia, na mwenye saa akadhani imekufa. Wengi walizitupa jalalani kule Dandora, zikiwa zinapiga kazi ndani.

Kuna dawa. Unatoa mtambo kwenye kasha lake, unaibandua filamu ya zamani polepole kuanzia pembeni kwa ncha ya wembe, unaisafisha gundi iliyobaki kwa kijiti cha pamba na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, tone dogo, maana likipenya ukingoni kioo kimekwisha. Unapangusa pia pundamilia, yaani kile kipande cha mpira chenye mistari myeusi na myeupe kinachopeleka umeme kutoka kwenye mtambo hadi kwenye kioo. Kisha unakata filamu mpya. Na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu ukiilaza upande usio wake, kila kitu kinageuka: saa nzima inakuwa nyeusi na namba nyeupe. Mimi ya kwanza niliilaza hivyo. Msimamizi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, saa ya watu umeivisha buibui," akasema. Nilicheka mpaka nikaangusha kibano.

Alipostaafu, nikachukuliwa na kampuni moja ya kuingiza saa kule Industrial Area, Idara ya Dhamana, ambako saa zilizoharibika kabla ya wakati wake zilirudishwa. Mkuu wa Idara alikuwa mwanamke, wa kwanza niliyefanya kazi chini yake, na hakupenda maneno. Alipita nyuma yetu akisema "Upesi, upesi," na alipofika kwangu alisema, "Wewe endelea ulivyo." Sifa nyingine kwake sikuwahi kusikia. Niliipokea hiyo nikatunza. Nilikaa huko mpaka kampuni ikafunga idara, kwa sababu kununua saa mpya kulikuwa rahisi kuliko kuitengeneza ya zamani, ndipo nikafungua kibanda changu Buruburu, chini ya ngazi za jengo la maduka, meza moja, taa moja, viti viwili. Watumishi wa serikali waliostaafu waliniletea saa zao za ujana. Nilizirudishia namba nyingi sana. Mtu mzima anaiona saa yake ya harusi ikisoma tena, anageuza uso ajifanye anakohoa. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, na sidanganyi nikisema niliipenda kuliko kula.

Mama Mwende alikuja asubuhi moja kutoka Mukuru kwa Reuben, kwa miguu, leso kiunoni. Alikuwa anauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye geti la kiwanda. Alifungua kitambaa akaniwekea mezani saa ya namba ya kiume, mkanda umeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Fundi, hii nilipewa na mzee wangu," alisema. "Yeye Mungu alimchukua, huu ni mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa naona namba vizuri. Sasa mpaka niinamishe hivi, niende juani, nikunje jicho. Nitafika siku nisione kabisa."

"Itarudi, Mama. Itarudi kama mpya."

"Mpya sitaki. Nataka namba tu."

Nilimwambia aje baada ya siku mbili. Alipoondoka nikaweka kipande cha filamu mpya mbele ya kile kioo, maana hiyo ndiyo njia ya kusoma saa iliyofifia bila kuifungua, na namba zikajitokeza. Nikaziandika kwenye daftari, nikaandika na za ukutani. Hazikukaribiana hata kidogo. Nikasema moyoni, masikini, saa yenyewe imeshapotea njia, na huyu mama anaikunjia jicho kila siku.

Nilifanya kazi nzuri, nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kusema. Filamu ililala bila hata punje ya vumbi. Betri ilikuwa inakata roho, nikaweka mpya, na betri ikitoka saa husahau kila kitu, inaanza upya kwenye kumi na mbili. Vidole vyangu vikafanya kama vilivyofunzwa: nikailinganisha na ya ukutani mpaka sekunde. Niliufua hata mkanda.

Mama Mwende alikuja kuichukua akiwa na haraka ya kuwahi getini. Aliona namba nyeusi tititi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, Mungu akuweke." Akaivaa, akaenda. Nikakaa nimeridhika, nikajinunulia na chapati.

Kesho yake alirudi mchana, watu wamejaa kibandani. Hakusalimia.

"Fundi, hii si saa yangu."

"Mama, ni yako. Angalia uzi wa gunia huu hapa."

"Nje ni yangu. Ndani umetoa."

Haki ya Mungu, hakuna neno baya kuliko hilo kwa fundi wa Nairobi. Wapo wanaofanya hivyo, ndiyo sababu watu hukaa wakikodolea macho mikono yako. Lakini mimi! Miaka yote hiyo, na watu wamesimama wanasikia! Damu ilinipanda.

"Unaniita mwizi? Saa yako ilikuwa imepotea kabisa, nimekuwekea ya ukweli, halafu unaniita mwizi?"

"Ukweli gani? Sasa ni saa nane. Kila mtu anajua ni saa nane. Hii inasema mbili! Saa mbili mimi nilikuwa bado napanga masufuria."

"Ndiyo, mbili ndiyo saa nane! Hata mtoto wa shule anajua!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama Mwende aliifunika saa kwa leso, kama mtu anayefunika kidonda, akaenda zake. Nikaendelea kubwata peke yangu, nikiwaeleza wateja vile watu hawana shukrani.

Hasira yangu huwaka haraka na huzimika haraka. Jioni haijafika nikafungua daftari ili nijihakikishie kwamba mimi ndiye mwenye haki. Saa iliingia ikisoma nne na ishirini na saba. Ya ukutani ilikuwa kumi na ishirini. Nikaangalia tena. Mama Mwende alikuja kwangu asubuhi, na asubuhi hiyo mtu yeyote angekuuliza ungemwambia ni saa nne na dakika ishirini. Nne. Jamani, saa haikuwa imepotea! Ilikuwa inasoma Kiswahili. Mtu aliiweka kwa makusudi ihesabu kama tunavyohesabu vinywani mwetu, alfajiri iwe kumi na mbili na mchana wa kula uwe saba, ili asomaye asihitaji kugeuza chochote kichwani. Na mimi nikaifuta. Halafu nikamtukana kwa mambo ya shule mbele za watu, mama ambaye pengine hakuikanyaga.

Nilifunga kibanda. Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nashika shavu.

Nilipiga namba ya simu aliyoniachia, haikushikwa. Kesho yake mchana nikaenda mwenyewe na daftari langu mkobani. Nikauliza kwenye mageti ya viwanda, mama wa githeri yuko wapi, mpaka nikamkuta anasugua sufuria kando ya ukuta, wafanyakazi wamesharudi ndani. Sufuria ya pili ilikuwa bado imejaa. Mkono wake ulikuwa mtupu.

"Mama Mwende, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndiye niliyekosa."

Aliendelea kusugua. "Jana nilifika wamesharudi kazini. Na leo pia. Najaribu kuigeuza kichwani hiyo saa yako, inanikoroga. Nikiangalia jua, kuna mawingu." Kisha akaacha kusugua. "Lakini si githeri inayoniuma, Fundi."

Akanieleza bila kunitazama. Alikuja Nairobi ameolewa, hajui namba hata moja. Mumewe alikuwa mtu wa mashine humo humo kiwandani. Alinunua ile saa, akamfundishia namba juu yake, moja hadi kumi na mbili, wakikaa mlangoni siku za Jumapili. Majirani walimwambia saa ya namba haiwekwi hivyo. Akawajibu, "Kizungu kibaki kiwandani. Nyumbani kwangu saa moja itasoma moja."

"Tangu aiweke hakuna mtu ameigusa," alisema. "Hata mimi. Kazi ya mkono wake ilikuwa bado imo humo ndani. Ukaitoa."

Nililia, naye akaniacha nilie, akanisogezea kibao cha kukalia. Baadaye nikamwambia naweza kuirudisha vile vile sasa hivi, ni kubonyeza tu. Akaenda kuitoa kwenye kopo la majani chai. Niliponyoosha mkono akaivuta.

"Wewe hapana. Umeshaitia mkono. Nionyeshe, niiweke mimi."

Nimefanya kazi ngumu maishani, lakini ngumu kuliko zote ilikuwa kukaa pale mikono imebanwa katikati ya magoti, nikimtazama Mama Mwende akibonyeza. Kitufe cha kushoto chini ukibane mpaka namba zipepese, cha kulia zisogee. Alipitiliza nane, maana ndiyo saa tuliyokuwa nayo, akazunguka yote. Akazunguka tena. Akaamsha kengele, ikalia, akaruka. "Woi!" Tukacheka sote wawili kwa mara ya kwanza. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha. Mara ya nne akaisimamisha kwenye nane, akainua macho kama mtoto aliyevuka barabara peke yake.

"Na dakika? Alikuwa ameweka ngapi?"

Nikafungua daftari, nikamsomea. "Ilikuwa mbele ya ile yangu ya ukutani. Dakika saba."

"Mbele?"

"Mbele. Ikisema saa saba, huwa bado dakika saba ifike saba."

Aliitazama saa. Kisha akaziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika, nami sikujua kama ni kicheko au kilio. Ilikuwa vyote. "Kila siku nafika hapa, king'ora cha chakula bado! Miaka yote nasema king'ora cha hawa watu kinachelewa! Kumbe ni huyu mzee! Alijua mimi ni wa kuchelewa, alijua nitachelewa tu, akanisukuma mbele bila kuniambia. Aii, mzee wangu!" Akaipapasa ile saa kwa kidole gumba. "Na mimi nilikuwa namwambia hanijali."

Sasa nyinyi mnaosoma nitawaambia jambo ambalo sikumwambia yeye. Saa ya namba iliyokaa miaka bila kurekebishwa hukimbia yenyewe. Sekunde chache mwezi huu, chache mwezi ujao, na kufika dakika saba katika miaka kama hiyo si ajabu hata kidogo. Nimeyaona hayo kwenye madaftari yangu yote. Huenda mzee aliziweka. Huenda hakuziweka. Mimi ni fundi na sijui. Jibu la kifundi lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza, na silijutii.

"Weka saba," nikamwambia.

Akabonyeza, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Akaivaa. Akanipakulia githeri kutoka kwenye ile sufuria iliyojaa, nikala yote.

Tangu siku hiyo, kila saa iliyoingia kwangu nilimuuliza mwenyewe kwanza anataka isome vipi. Wengi walinishangaa. Wachache walikuwa na sababu zao, na wengine hawakunitajia.

Macho yangu yalianza kuniacha polepole, na siku niliposhindwa kuona ukingo wa filamu hata kwa lenzi, nikajua. Nilifunga kibanda mwenyewe, sikusubiri kuambiwa. Sasa nakaa Dandora, kwenye nyumba niliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa kazi ya kibano. Mikono bado inataka kazi, kwa hiyo nachambua mchele mpaka wajukuu wanalalamika kwamba nauchambua kupita kiasi. Wakiniuliza kama nasikitika kwamba kazi yangu imekufa, nawaambia haijafa, imepungua tu watu. Kuna wakati nasikitika. Asubuhi hasa, ule wakati nilikuwa nawasha taa ya mezani.

Mama Mwende huja kunitembelea Jumapili baada ya kanisa. Tunakunywa chai, tunasengenya kidogo, ananionyesha kwamba namba bado ni nyeusi. Halafu ghafla hutazama mkono, husimama na kufunga leso yake. "Nimechelewa, Fundi."

"Kaa, Mama Mwende. Bado una dakika saba."

"Hizo si zangu," hunijibu, ameshafika mlangoni. "Hizo ni za mzee."